Kutoka vikaratasi vya mkekani hadi kalenda ya maudhui: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wafanyabiashara wadogo na wa kati wa Dodoma na Kanda ya Kati: wakamuaji wa alizeti, wasindikaji wa karanga na ubuyu, wenye gesti, wakulima wa zabibu, mafundi wa aluminiamu na wengine wote wanaotaka biashara zao zijulikane kwa kuwaeleza watu jambo la maana badala ya kupiga kelele. Nimekaa na wengi wao kwenye vikao vya kubungua bongo, na maswali yaliyomo humu ndiyo ninayoulizwa karibu kila mara kikao kinapokwisha. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu tukiwa tumekaa pamoja.

Tumemaliza kikao na ukuta umejaa mawazo. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kuyashusha ukutani. Mawazo yakiachwa kwenye karatasi ya manila, au yakipigwa picha kwa simu na kuachwa humo, ikifika wiki ya pili hakuna anayekumbuka nusu yake yalimaanisha nini. Andikeni kila wazo kwenye kikaratasi chake. Karatasi ya daftari iliyokatwa vipande vinne inatosha. Vitandazeni chini, mahali ambapo kila mtu anavifikia, kisha chukueni kimoja kimoja na kuuliza: nani anataka kujua hili?

Tulifanya hivyo na kikundi cha akina mama wanaokamua alizeti kule Nzuguni. Mkeka ulijaa vikaratasi. Tufungue TikTok. Historia ya kikundi chetu. Picha za mashine mpya. Salamu za sikukuu. Mafuta yetu ni bora. Kila tulipouliza nani anataka kujua, kikaratasi kilikosa mtu, tunakiweka pembeni. Karibu na mlango alikuwa amekaa kijana wa kaunta, kimya tangu asubuhi. Mama mmoja akamgeukia, "Na wewe mwanangu, huna la kusema?"

"Mama, mimi kila siku naulizwa mbona mafuta yamefanya ukungu. Juzi mmoja alirudisha dumu zima, akasema tumechakachua."

Jambo hilo halikuwa kwenye kikaratasi hata kimoja. Ulikuwa mwezi wa sita, Dodoma asubuhi ni baridi, na mafuta ya alizeti yasiyosafishwa kiwandani yana nta inayotoka kwenye ganda la mbegu. Nta hiyo huganda kwenye baridi na kuyafanya mafuta yaonekane na utando mweupe. Ukiyaweka juani au karibu na jiko, utando unapotea. Akina mama wote walilijua hilo tangu zamani, kiasi kwamba hawakuona kama ni kitu cha kumwambia mtu. Mteja hakulijua, akarudisha dumu. Tukaandika kikaratasi pale pale, na hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza kuingia kwenye kalenda yao, yaani mpango wa nini watawaeleza wateja na lini.

Sehemu hii naisisitiza kuliko nyingine zote. Mkianza na mtandao wa kutumia, rangi za bango au idadi ya posti, mtapata kalenda iliyojaa na wateja wasio na habari nayo. Mkianza na mtu na swali lake, mengine yanajipanga kwa urahisi wa kushangaza.

Wazo, mada na maudhui: si kitu kile kile?

Hapana. "Baridi na mafuta" ni wazo. "Kwa nini mafuta ya alizeti hufanya ukungu mwezi wa sita na wa saba, na ufanye nini" ni mada, kwa sababu ina swali na ina mwisho. Video ya dakika moja inayoonyesha dumu lenye ukungu likiwekwa juani saa tatu asubuhi na kuonyeshwa tena saa sita likiwa safi, hayo ndiyo maudhui. Vikao vingi huishia kwenye wazo, halafu mtu mmoja anaambiwa akaposti. Akifika kwenye simu hajui aposti nini, basi anatafuta picha ya maua na kuandika "Jumatatu njema".

Kikao chenyewe kiendeshweje ili tusitoke na mawazo matupu?

Njia ya kubungua bongo kwa kikundi ilienezwa na Mmarekani Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara, katikati ya karne iliyopita. Masharti yake bado yanafaa: mtu asikosoe wazo la mwenzake wakati wa kutoa, mawazo yawe mengi, ya ajabu yakaribishwe, na watu wajenge juu ya mawazo ya wenzao. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vikundi na watu waliofikiri kila mmoja peke yake, wakakuta kwamba majibu ya watu hao yakijumlishwa huzidi ya kikundi. Kwenye kikundi mmoja akisema wengine wanasubiri, na wanaposubiri wanasahau au wanafuata njia ile ile.

Kwetu lipo na jambo jingine zaidi ya hilo: heshima. Mzee akishasema "mimi naona tufanye hivi", vijana wengi watanyamaza, na hawajakosea, ndivyo walivyolelewa. Kwa hiyo mpeni kila mtu dakika kumi za kuandika kimya kabla ya yeyote kufungua mdomo. Mwenyekiti asome vikaratasi vyake mwisho.

Na waiteni watu sahihi. Mwenye biashara akija peke yake na mtoto wake anayejua simu, mtapata mawazo ya mwenye biashara. Mleteni anayekaa kaunta, bodaboda anayepeleka mizigo, dada anayepokea simu. Kila mmoja aje na maswali matano aliyoulizwa na wateja wiki hiyo, kwa maneno yale yale ya mteja. Fungueni pia jumbe za WhatsApp za miezi mitatu iliyopita, mnakili maswali yote. Kazi hiyo inachosha, lakini sijaona kikao kilichofanya hivyo kikakosa mada.

Mafungu tunayapangaje?

Mjapani mmoja, mwanaanthropolojia Jiro Kawakita, aliifanya kazi hii kuwa njia kamili miaka ya 1960, alipotaka kupanga taarifa nyingi alizokusanya vijijini. Siri yake ni moja: usitengeneze mafungu kwanza halafu ukagawa vikaratasi. Acha vikaratasi vikutane. Watu wavisogeze wenyewe, bila maneno mengi, vile vinavyofanana vikae pamoja. Kisha, mafungu yakishatulia, ndipo kila fungu lipewe jina.

Jina liwe sentensi, lisiwe neno moja. Fungu likiitwa "Bei" halisemi kitu. Likiitwa "Watu hawajui kwa nini lita moja ya Januari ni ghali kuliko ya Julai", tayari unaona makala, video na maelezo ya kaunta ndani yake. Mafungu manne au matano yanatosha kwa biashara ndogo. Yakifika tisa, mna biashara mbili au mnataka kumwambia kila mtu kila kitu.

Vikaratasi vitakavyobaki peke yake msivilazimishe. Viwekeni kwenye bahasha. Vingine vitapata wenzao kikao kijacho.

Mawazo yote yanaonekana mazuri. Tunachagua vipi?

Kwa kila mada ulizeni kama kuna mteja aliyeuliza jambo hilo ndani ya miezi mitatu, kama nyinyi mna jibu mnaloweza kulionyesha kwa macho, na kama mteja akishajua atafanya kitu gani. Mada ikipita kote, inaingia. Ikikwama mahali pamoja, inasubiri. Mara nyingi inayokwama ni ile ambayo mwenye biashara anaipenda zaidi, na hapo inabidi mtu amwambie kwa upole.

Kalenda yetu ianze mwezi gani? Wengine wanasema Januari.

Ianze na msimu wa biashara yenu. Kalenda nyingi zinazonakiliwa mtandaoni zimetengenezwa kwa ajili ya watu wenye majira ya theluji na sikukuu zao. Dodoma ina mapigo yake, na anayeyajua amefanya nusu ya kazi ya mpango.

Mvua zetu ni msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, halafu kiangazi kirefu. Alizeti huvunwa kuanzia Mei hivi hadi Julai. Huo ndio wakati mbegu zinaingia kwa wingi na mashine zinalia usiku kucha. Mkamuaji hana muda wa kurekodi video wakati huo, kwa hiyo maudhui ya msimu wa mavuno yatayarishwe Machi na Aprili. Karanga, mtama na uwele nazo zina wakati wake, na anayenunua nafaka Kibaigwa anaujua kuliko mimi.

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wageni wengi hawalijui na linawashangaza kila wanaposikia. Mkulima wa Mpunguzi, Hombolo au Makutupora ana misimu miwili ya kuzungumza, na katikati yake ana muda wa kueleza mambo yanayochukua nafasi: kupogoa, kumwagilia, kwa nini zabibu ya kula si ile ya kukamua, na mchuzi wa zabibu, yaani juisi iliyokamuliwa ya kutengenezea mvinyo, ni kitu gani. Neno hilo la mchuzi, mtu wa Dar es Salaam akilisikia anafikiri chakula cha jioni. Mweleze. Hiyo ni mada nzima.

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni kuna Bunge la bajeti. Mji unajaa. Mwenye gesti Area C au Area D anayeanza kuposti vyumba tarehe 10 Aprili amechelewa, kwa sababu wageni walishaweka nafasi. Maudhui yake yawe tayari Februari: umbali kutoka bungeni kwa dakika za bajaji, maji yapo saa zote au la, risiti ya mashine inatolewa au la. Mgeni wa kikazi anauliza risiti kabla hajauliza televisheni. Na tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, yapo maswali mapya: nikishuka usiku nafikaje kwenu, nalipa shilingi ngapi. Jibuni hayo kabla hayajaulizwa.

Julai Mosi mwaka mpya wa fedha wa serikali unaanza, na wanaouza kwa ofisi za serikali kule Mtumba wanajua maana yake. Mapema Agosti ni maonyesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni, ya mikoa ya Dodoma na Singida kwa pamoja. Nanenane isiwe siku ya kuposti tu. Iwe siku ya kukusanya. Watu wanakuja bandani na maswali yao, kaeni na daftari. Ifikapo Oktoba na Novemba wanafunzi wanarudi UDOM na vyuo vingine, na Desemba ni harusi, likizo na safari.

Mfungo wa Ramadhani nao unawahi kwa kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo msinakili tarehe za mwaka jana.

Chukueni karatasi ya manila, choreni miezi kumi na miwili, jazeni kwanza misimu hii. Ndipo mlete mafungu yenu na kuyaweka mahali yanapostahili. Lile la ukungu wa mafuta linakwenda Juni na Julai, halina mahali pengine. La kutunza mafuta yasichache linakwenda Oktoba, joto linapopanda.

Mpango ulioandikwa uwe na nini ndani?

Kidogo kuliko mnavyofikiri. Jedwali moja kwenye daftari au kwenye Google Sheets. Kwa kila mada andikeni swali la mteja kwa maneno yake, jibu kwa sentensi moja, umbo litakalochukua, mahali litakapotoka, tarehe, jina la mtu mmoja mwenye kazi hiyo, na kitu ambacho mteja anatarajiwa kufanya.

Mstari wa akina mama wa Nzuguni ulikuwa hivi. Swali: "Mbona mafuta yenu yamefanya ukungu?" Jibu: ni nta ya asili ya alizeti, baridi ikiisha inayeyuka, mafuta hayajaharibika. Umbo: video ya dakika moja na karatasi ya kubandika kwenye dumu. Mahali: stetasi ya WhatsApp, Facebook na kaunta. Tarehe: Jumatatu ya kwanza baada ya kikao. Mwenye kazi: kijana wa kaunta. Mteja afanye nini: aweke dumu juani, akibaki na swali apige simu.

Safu ya jibu la sentensi moja msiiache wazi. Ikiwashinda kuijaza, maana yake hamjalijua jibu, na hakuna picha nzuri itakayoficha hilo.

Wazo moja linaweza kutoa maudhui mangapi?

Zaidi ya mnavyodhani, na hapa ndipo watu wenye muda mdogo wanapopumua. Ile mada moja ya ukungu ilitoa video, karatasi ya dumu, picha mbili za kabla na baada, jibu fupi lililohifadhiwa kwenye WhatsApp Business la kumtumia kila anayeuliza, na maneno mawili ya kijana wa kaunta kumwambia mteja kabla hajaondoka: "Yakiganda, yaanike." Hayo ya mwisho hayana bando wala kamera, na nadhani ndiyo yaliyofanya kazi kubwa. Maudhui si lazima yakae kwenye simu. Bango dogo, redio ya hapa mjini, maneno ya dalali, karatasi iliyobandikwa kwenye daladala, vyote vinaingia kwenye jedwali lile lile.

Tuposti mara ngapi kwa wiki?

Mara mnazoweza kuzitimiza kwa miezi mitatu mfululizo bila kukopa usingizi. Kwa wengi ni mara mbili. Kama ni mara moja, iwe siku ile ile.

Mtandao upi ni bora?

Ule ambao wateja wenu tayari wanawaulizia mambo. Kwa biashara nyingi ninazozijua hapa ni WhatsApp, kisha Facebook na Instagram, na TikTok kwa wanaolenga vijana. Mambo mawili ya WhatsApp yaingie kwenye mpango. Stetasi hupotea baada ya saa 24, kwa hiyo jibu la maana lihifadhiwe pia mahali linapodumu, kama katalogi au ukurasa wa Facebook. Na orodha ya matangazo (broadcast) ya kawaida hubeba watu 256, na ujumbe hufika kwa aliyeihifadhi namba yenu tu. Ndiyo maana kazi ya kwanza kaunta ni kumwomba mteja aihifadhi namba, kwa hiari yake.

Fikirieni bando la mteja pia. Mtu wa Chamwino au Bahi anayenunua kifurushi cha siku moja hataki video ya dakika nane. Sauti ya sekunde arobaini au picha yenye maneno mafupi inamfaa zaidi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa nini tuhangaike?

Swali hili huulizwa na wazee wenye bidhaa nzuri kweli, na linastahili jibu la heshima. Kizuri hujiuza kwa aliyekiona na kukionja. Methali hiyo ilikaa kwenye mji ambao kila mnunuzi alipita mbele ya genge lako na kumjua mama yako. Dodoma ya leo imepokea watu kutoka kila mkoa tangu serikali ihamie, wengi hawamjui mtu. Wanaishi Iyumbu, Kisasa, Nala, na wanatafuta mafuta, fundi, shule na gesti wakiwa wageni. Kumweleza mgeni ukweli kuhusu bidhaa yako si kujitembeza. Kujitembeza ni kusifia. Angalieni vikaratasi vyenu: kile kinachosema "sisi ni bora" kinajitembeza, kile kinachosema "mafuta yakiganda fanya hivi" kinasaidia.

Bei tuiandike au tuwaambie waje inboksi?

Iandikeni. Bei ikibadilika, andikeni tarehe. Mteja anayeambiwa "bei inboksi" anahisi atapimwa kwa sura yake, na wengi hawaji. Kama kazi yenu haina bei moja, kama fundi wa madirisha, toeni mfano wa kazi mliyofanya: dirisha la ukubwa huu, kioo hiki, ilifika kiasi hiki. Mfano mmoja wa kweli ni maudhui ya mwezi mzima.

Ni mambo gani ya kuhakikisha kabla ya kutoa?

Haya nayachukulia kwa uzito, kwa sababu maudhui mabaya yanaweza kumwumiza mtu.

Msidai tiba. Ubuyu ni chakula kizuri, lakini kusema unaponya kisukari au presha ni kumdanganya mgonjwa, na huenda akaacha dawa. Kama wazo hilo liko mkekani, litoeni.

Kuhusu karanga na mahindi, jihadharini na neno "salama". Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, iliyokuwa kwenye nafaka. Sumukuvu haionekani kwa macho, na kukaanga au kupika hakuiondoi yote. Msiandike kwamba karanga zenu hazina sumukuvu bila kipimo cha maabara mkononi. Andikeni mnachokifanya na mnachoweza kukionyesha: mnakaushia juu ya turubai au kichanja, mnachambua zilizovunda na zilizosinyaa, mnahifadhi pakavu. Video ya kuchambua karanga, mikono na ungo tu, ni maudhui mazuri sana na ni ya kweli.

Alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, itumieni mkishapewa leseni yake, si kabla. Mkiwa bado kwenye safari hiyo, semeni mko kwenye safari. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wanasaidia wasindikaji wadogo kujiandaa, na safari yenyewe ni mada.

Msijisifie kwa jambo ambalo ni la kila mtu. "Mafuta yetu hayana kolesteroli" imeandikwa kwenye chupa nyingi, lakini mafuta ya mimea yote kwa kawaida hayana, kolesteroli hutoka kwa wanyama. Mteja akijua hilo siku moja, ataangalia maneno yenu mengine kwa shaka.

Na ombeni ruhusa. Picha ya mteja, namba yake, ushuhuda wake, hivyo ni vyake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo inataka mtu aridhie taarifa zake zitumike na ajue zinatumika kwa nini. Hata bila sheria, mama aliyekuja kununua lita mbili hakuja kuwa bango.

Tutumie Kiswahili au lugha ya nyumbani?

Kiswahili ndicho kinachofika kwa wote. Lakini salamu ya Kigogo ya "Mbukwenyi!" mwanzoni mwa sauti inamfanya mtu wa Mvumi asimame kusikiliza, na majina ya mboga, udongo na mbegu mara nyingi yapo kwa Kigogo, Kirangi au Kinyaturu kwa usahihi zaidi. Yatumieni, mkiyaeleza kwa wasioyajua.

Mpango wetu ulivunjika wiki ya tatu. Tufanye nini?

Hata mimi nimeuvunja. Miaka ya mwanzo nilimtengenezea mfanyabiashara mmoja kalenda ya miezi mitatu, mada thelathini na sita, kila moja na tarehe. Nilijivunia. Sikuandika jina la mtu hata mmoja. Kila aliyeiona alidhani ni kazi ya mwenzake, na baada ya wiki tatu ilikuwa imefunikwa na magunia stoo. Nilipoiona pale niliumia, kwa sababu mawazo yale yalikuwa ya watu waliochukua siku yao nzima kuja kikaoni.

Tangu hapo siandiki tarehe bila jina. Jina la mtu, si "ofisi", si "vijana". Na sipangi zaidi ya wiki sita kwa undani. Miezi inayofuata inabaki na mafungu na misimu tu.

Mkivunjika, msianze upya. Rudini kwenye jedwali, tafuteni mada moja ambayo tarehe yake haijapita maana, mfanyeni mtu mmoja aitoe wiki hii. Zilizopita tarehe zirudi kwenye bahasha. Kisha ulizaneni bila lawama kilichozuia kazi: muda, simu mbovu, bando, au mtu kuona haya mbele ya kamera? Hayo yana dawa tofauti. Mwenye haya arekodi mikono na sauti, uso ubaki nyuma.

Tutajuaje kama unafanya kazi?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wekeni daftari kaunta, na kila mteja mpya aulizwe kwa adabu: "Samahani, umetusikia wapi?" Andikeni alivyosema. Vidole gumba na wafuasi mtaviona kwenye simu, lakini mtu anayesema "nimeona ile ya kuanika dumu" ni habari ya aina nyingine.

Kuna dalili moja ninayoipenda kuliko zote: swali likipungua. Kwa wale akina mama, Julai ilipofika, kijana wa kaunta alisema ukungu hauulizwi kama mwanzo, na hakuna dumu lililorudi mwezi ule. Badala yake watu walianza kuuliza kama mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, yanauzwa kwa wenye kuku. Hilo lilikuwa swali jipya, likaandikwa.

Akili unde inaweza kututengenezea mpango?

Inaweza kupanga jedwali, kufupisha maneno na kusahihisha herufi. Ipeni maswali mliyoyakusanya, si neno "alizeti" tupu. Haijakaa kaunta kwenu, haijui kilichorudishwa juzi. Na kila inachowaambia kuhusu bei, sheria au afya kihakikisheni kwa anayejua kabla hakijatoka kwa jina lenu.

Kikao kijacho kiwe lini, na tuje na nini?

Baada ya wiki sita. Njooni na daftari la kaunta, bahasha ya vikaratasi vilivyobaki, na jedwali lenye alama ya kila kilichotoka na kisichotoka. Asubuhi ni bora, kabla wateja hawajaanza kuingia. Mumpe nafasi ya kwanza kusema yule anayekaa karibu na mlango.